Mpelelezi Kabatini

Kwenye kioo cha kompyuta mvua ilikuwa ikinyesha. Mpelelezi mwenye koti refu alikuwa amejibanza kabatini, na nje mlinzi mzee alizunguka na taa yake, akikohoa. Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma ya mlinzi.

"Mnyatie, mpige rungu la kisogoni," alisema Rohan. "Hafi, anazimia tu."

"Mzee wa watu, na kikohozi kile?" Selina aliondoa mkono kwenye kipanya. "Mwalimu, hakuna kitufe cha shikamoo?"

Rohan alicheka mpaka akashika meza. Ndiye aliyefundisha kompyuta darasa la jioni, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, mzee Chandulal, pale Kirumba, kando ya ziwa. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kunyata gizani. Wapenzi wa mchezo huo huko Ulaya waliutungia hadithi yao ya upelelezi, na binamu yake Rohan akamletea kwenye diski. Wanafunzi wenzake walipoondoka, Selina alibaki kidogo amtafute muuaji wa mwenye meli katika hadithi hiyo.

Kidogo tu. Mama mkwe wake, Tereza, aliyebaki na mtoto, alishasema: "Jua likizama hujarudi, hayo masomo basi." Na Tereza hakuwa mtu wa kutishia bure.

Mara mlango wa chuma wa dukani ukakwaruza.

"Baba!" Rohan alizima kioo na taa. "Amekataza michezo. Jifiche, dada, nitamtoa."

Kabla hajafikiri, Selina alikuwa amechuchumaa nyuma ya maboksi ya karatasi. Rohan akatoka. Huko dukani baba na mwana waliongea Kigujarati, wakahamisha bidhaa, wakaongea tena. Ndala za mzee zikasogea, zikarudi. Mwanga uliopenya chini ya mlango ukawa mwekundu. Maziwa yakamtoka, yakalowesha blauzi. Saa hizi Queen anajinyonya ngumi, aliwaza, na mimi nimekaa humu kama panya.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Chandulal akaingia taratibu, akapapasa swichi, akakohoa.

Kikohozi kile kile! Huyu si mlinzi wa kwenye kioo, alijiambia Selina. Huyu namwamkia kila siku.

Akasimama. "Shikamoo, mzee."

Bunda la karatasi likamponyoka Chandulal. "Marahaba... Wewe! Gizani humu? Rohan!"

Selina akaona jinsi mambo yanavyoonekana, mke wa mtu na kijana wa watu. Uso ukamwaka. "Tulikuwa tunacheza mchezo, mzee. Tukaogopa. Mwalimu, washa aone."

Rohan akaingia, kichwa chini, akawasha kioo. Mlinzi bado alizunguka na taa yake.

Chandulal akainama karibu. "Huyu mzee anatafuta nini?"

"Ananitafuta mimi."

"Anakohoa vibaya. Na wewe hujampiga?"

"Nimeshindwa, mzee."

Mzee akamtazama, kisha akaiona blauzi iliyolowa. "Una mtoto? Kimbia! Kesho njoo usome. Hii diski inakaa kwangu."

Selina alikimbia, ndala mkononi, mpaka nyumbani. Tereza alikuwa mlangoni na Queen begani, akitazama ziwani. Ukingo mwembamba wa jua ulikuwa bado umebaki juu ya maji.

"Leo umeponea chupuchupu," alisema.

"Kesho nitawahi, mama."

Alikaa kizingitini akanyonyesha. Queen alivuta kwa pupa, macho yamemtoka. Mpelelezi bado yumo kabatini, aliwaza Selina, na huko mvua haikatiki. Akambusu mtoto utosini. Kesho wangeanza somo jipya.