Kumi la Bibi Auleria

Kwa miaka kumi na sita, kila Jumamosi alfajiri, nyumba tano za kichochoro kimoja cha Gongo la Mboto zilikutana kusali, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mwenye zamu alitandika mikeka tangu usiku, akaazima viti kwa jirani, na sala ikiisha akatoa chai ya tangawizi na maandazi. Wenyewe waliiita jumuiya. Majirani wengine waliiita sala ya chai. Mvua iliponyesha watu walikuja na miamvuli, na msiba ulipotokea walisalia msibani. Lakini Machi ya mwaka 2020 corona ikaingia, shule zikafungwa, na paroko akasema watu wa jumuiya wasikutane majumbani mpaka hali itakapotengemaa. Mikeka ikakunjwa, ikasimamishwa nyuma ya milango.

Gladness ndiye aliyekuwa katibu wa jumuiya hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alifundisha chekechea, kwa hiyo shule zilipofungwa alibaki na mikono mitupu. Haikumchukua muda kuzoea. Asubuhi alirekodi hadithi kwenye simu na kuwatumia wazazi wa watoto wake, mama mmoja baada ya mwingine. Adhuhuri aliijaza maji ile ndoo yenye koki iliyokaa langoni, akabadilisha sabuni, kisha akamchemshia mama yake majani ya mchaichai na mwarobaini ajifukize. Jioni alikaa barazani akishona barakoa za kitenge. Anga lilikuwa kimya ajabu. Ndege ambazo zamani zilipita juu ya mapaa yao mpaka mtu akanyamaza katikati ya sentensi, sasa zilikuwa zikipita moja moja tu, na watoto walitoka nje kuzipungia kama wageni.

Kilichomkosesha raha kilikuwa nyumba ya mwisho kule bondeni, yenye migomba mbele. Humo aliishi Bibi Auleria, Mhaya, mjane wa miaka sabini na sita, mwenye pumu na ulimi mkali, peke yake. Mwanawe wa pekee, Erasmus, alikuwa Mwanza.

"Sista Glady," Erasmus alimpigia siku moja mwishoni mwa Aprili, "mama hapatikani siku ya tatu leo."

"Simu ameizima, kaka. Anatunza chaji."

"Anaitunzia nini?"

"Dharura, anasema."

Erasmus alishusha pumzi ndefu. "Sikiliza. Mie silali. Mwisho wa mwezi wa tano nakuja kumchukua, akae kwangu mpaka haya yapite. Au milele, sijui."

Gladness aliifahamu safari hiyo. Bibi Auleria aliwahi kwenda Mwanza kwa Krismasi, akapandishwa ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na siku ya kumi na moja akarudi Dar na mizigo yake yote. "Kule nilikuwa naliangalia ziwa kama picha ya kalenda," aliwaambia jumuiya. "Hakuna hata wa kugombana naye."

"Kaka, bibi hapa ni kwake," Gladness alisema. "Ukimtoa hapa atanyauka."

"Basi nihakikishie kila siku kwamba ni mzima. Kila siku, bila kukosa, na mtu asiingie ndani na hilo gonjwa. Ukiweza hivyo, namwacha. Ukikosa siku moja, napanda basi."

Gladness akakubali upesi, kama vijana wanavyokubali. Kesho yake alikwenda langoni kwa bibi akaita, "Bibi, shikamoo! Umeamkaje?"

"Marahaba. Kakutuma nani?"

"Hakuna, Bibi. Nakujulia hali tu."

"Jana hukunijulia. Juzi hukunijulia. Leo imekuwaje?" Siku ya pili alijibu kutoka ndani, bila kutoka, neno moja tu: "Sijafa!" Siku ya tatu hakujibu kabisa, ingawa moshi wa jiko lake ulionekana vizuri.

Ndipo Gladness akawaza. Bibi yule hataki kuulizwa kama yuko hai. Lakini kumnyima zamu ya kusali hakuna aliyewahi kuthubutu. Na Mei ilikuwa inaingia, mwezi wa Bikira Maria, ambao kila mwaka walisali rozari kila jioni. Rozari ina makumi matano, kila moja Salamu Maria kumi, na nyumba zao zilikuwa tano. Kila mmoja angekaa kwenye baraza lake, aongoze kumi moja kwa sauti, akimaliza apokee wa chini yake, mpaka bondeni. Kumi la tano lingekuwa la Bibi Auleria. Kila jioni ambayo kumi hilo lingesikika, bibi mzima, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Alipita lango kwa lango kuwaeleza. Mzee Petro, mwenyekiti, karani mstaafu wa reli aliyekaa nyumba ya juu kabisa, alikuna kidevu juu ya barakoa. "Tutaonekana wauza samaki," alisema, lakini akakubali.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Mzee Petro alianza vizuri saa kumi na moja na nusu. Kumi la pili na la tatu yakashuka salama, la nne likawa la Gladness mwenyewe. Shida ni kwamba kati ya kwake na kwa Bibi Auleria palikuwa na kiwanja kipana cha Mzee Mwinjuma, na sauti ilifia humo. Bibi, alipoona kimya kimezidi, aliamua wamemruka, akaanza kumi lake Gladness akiwa la nne hajalifikisha nusu. Walio juu wakadhani makumi yote yamekwisha, wakaanza kufunga. Rozari ikawa inakwenda huku na huku kama watu wanaopishana mlangoni, na bibi kwa hasira akahamia Kihaya.

Mzee Mwinjuma na mkewe Mwajabu walikuwa Wazaramo wa hapo hapo, tangu eneo lile likiwa la mikorosho. Ilikuwa Ramadhani. Mzee alikuwa amekaa barazani akisubiri magharibi, na yote aliyasikia.

"We mwalimu!" alimwita Gladness. "Njoo hapo langoni. Usisogee zaidi."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hii sala yenu leo imegongana."

"Bibi hanisikii, babu. Uwanja wako mkubwa."

"Sasa uwanja wangu ndio una kosa?" Mwajabu alicheka jikoni. Mzee akaendelea, "Mie kuwasalia hayo yenu siwezi. Lakini kusema 'zamu yako' hakujaharamishwa. Ukimaliza, nitamwambia."

Ikawa hivyo. Kila jioni, Gladness alipotamka Amina ya kumi la nne, sauti nzito ya Mwinjuma iliruka ua wa michongoma: "Bi Auleria! Zamu yakooo!" Naye bibi akaipokea pale pale, kwa sauti nyembamba inayokwenda juu mwishoni. Wakati mwingine Mwinjuma aliongeza ya kwake. "Bi Auleria, zamu yako, na usiikawize, uji wangu unapoa!" Na bibi angejibu, "Subiri, mfungaji mzima unalilia uji!" kabla ya kuanza kwa heshima zote.

Kichochoro kikajipanga kufuata sauti hizo. Mama aliyekaanga vitumbua kwenye kona aliweka karai motoni kumi la pili. Watoto waliitwa kuoga kumi la tatu. Mwajabu alitia nazi kwenye mihogo ya futari kumi la nne. Na kumi la tano likianza tu, Gladness alichukua simu na kumwandikia Erasmus maneno mawili: "Mama mzima." Kutoka Mwanza lilirudi neno moja: "Asante." Gladness alilala vizuri siku hizo. Aliona jinsi watu wanavyoweza kukaa mbalimbali na bado wakashikana, na moyo wake mwepesi ulijaa.

Siku ya ishirini ya Mei alimaliza kumi lake kama kawaida. Mwinjuma akaita. Kimya.

Akaita tena. "Bi Auleria! Zamu yako!"

Kimya. Juu huko Mzee Petro alikohoa, akangoja. Gladness alisimama barazani na rozari mkononi. Alivaa barakoa, akateremka kichochoro mbio mbio, kandambili moja ikimtoka njiani.

Bibi Auleria alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya migomba, mzima kabisa, rozari imeviringwa mkononi, mdomo umefungwa.

"Bibi! Umetutisha!"

"Nimewatisha nini? Sali, mwalimu. Itisha mahudhurio."

Gladness akaelewa.

"Mwajabu kaniambia asubuhi, kwa nia njema," bibi alisema. "'Una bahati, Bi Auleria. Ukianza kumi lako tu, yule binti anamwandikia mwanao kwamba mama mzima.' Mie nilidhani tunasali. Kumbe nahesabiwa kama kuku jioni."

"Bibi, nisamehe. Erasmus alisema nikikosa siku moja anakuja kukuchukua. Sikutaka uende."

Bibi aliinua uso. Hilo hakuwa ameambiwa.

"Kunichukua? Kule juu?"

"Ndiyo, Bibi. Na leo sijamwandikia. Sijui nimwandikie nini." Machozi yalikuwa yameshamfika, naye aliyaacha yalowanishe barakoa. "Nikimwambia hukusali, atapanda basi kesho. Nikimwambia umesali, nimesema uongo juu ya rozari."

"Usiseme uongo," bibi alisema upesi. Kisha akakaa akizungusha shanga moja kwa kidole gumba. "Tatizo lenu vijana, mnaangalia upande mmoja. Mie mnanihesabu. Haya, Mwinjuma nani anamhesabu?"

"Mzee Mwinjuma? Yeye ndiye anayeita."

"Ndiyo maana. Mimi kila jioni namsikia. Siku tatu hizi sauti yake inatoka kisimani. Jana hakunitania. Leo kaniita mara mbili, na ya pili imekatika katikati. Yule ana kitu."

Upande wa pili wa michongoma sufuria ilitulia. Mwajabu, aliyekuwa anasikia kila neno, akasogea uani.

"Ana sukari, Bi Auleria," alisema kwa sauti ya chini. "Daktari kamkataza kufunga mwaka huu. Nimemwambia atoe fidia, alishe masikini, dini haikumfunga. Hasikii! Eti akila mchana watu watasema kaogopa corona."

"Mwinjuma!" bibi aliita.

"Naam," ikajibu sauti ya kisimani.

"Wewe ni mpumbavu."

"Marahaba."

"Sikukuamkia. Mungu wako kakuruhusu, wewe unajikataza, nani mkubwa kati yenu? Ukianguka hapo, mie nitaambiwa na nani zamu yangu? Huyu mtoto? Sauti yake haifiki hata kwa kuku wangu."

Wakamsikia Mwinjuma akicheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Mwajabu," alisema, "lete huo uji."

"Dakika ishirini tu magharibi itaingia," Mwajabu alisema, akaujaza kikombe hapo hapo na kumpelekea.

Bibi Auleria akaingia ndani. Alitoka na simu ndogo iliyofungwa ndani ya kipande cha kanga, akaifungua fundo kwa fundo, akaiwasha, na kumwambia Gladness asimame pale pale mbali alipo. Alibonyeza namba kwa kidole kilichonyooka kama fimbo, akaweka sauti kubwa.

"Mama!" Erasmus alipiga kelele. "Mama, uko salama? Glady hajaandika!"

"Hajaandika kwa sababu nimemkatalia. Nasikia unakuja kunichukua."

"Mama, nina wasiwasi tu..."

"Huwezi kunichukua. Nina kazi huku. Kuna mzee hapa ana sukari, lazima nimsikilize sauti kila jioni. Petro anakaa na wajukuu wanaomchosha. Huyu Gladness analia ovyo. Nikiondoka nani atawaangalia?" Akapumua, maana pumu haikumruhusu sentensi ndefu. "Na wewe umekula nini leo?"

Bibi aliitazama simu kama imezimika.

"Chai na mkate," Erasmus alisema mwishowe.

"Na jana?"

"Chai na mkate. Mama, hoteli ninayofanya kazi imefunga tangu Aprili. Mke wangu na watoto walikwenda Bukoba kwa mazishi, nikawaambia wabaki huko huko. Niko peke yangu. Nikinyamaza humu ndani nasikia friji tu." Sauti ilimgeuka. "Nilikuwa naona ukija... tutakuwa wawili."

Gladness alitazama chini. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba lile neno "Asante" la kila jioni lilikuwa linatoka kwenye chumba chenye mtu mmoja.

"Ungesema," bibi alimwambia mwanawe, taratibu sasa. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, badala ya kunitishia ngazi. Sikia. Kesho upike ndizi, za kuchemsha tu, usijidai. Na saa kumi na moja na nusu unipigie. Kumi langu tutaligawa. Tano zangu, tano zako."

"Mama, mie rozari nimesahau."

"Nitakukumbusha. Nakaa hapa au sikai?"

"Kaa, mama," alisema Erasmus. "Kaa tu."

Kesho yake jioni, Mzee Petro alianza kwa wakati. Makumi yakateremka lango kwa lango, vitumbua vikakaangwa, watoto wakaoga. Gladness alitamka Amina ya nne, na Mwinjuma, aliyekuwa ameshakula mchana bila kuficha na ameshamtuma mkewe kupeleka mchele kwa mjane mwenye watoto wa huko nyuma, aliita kwa ile sauti yake ya zamani mpaka njiwa wakaruka kwenye bati.

Bibi Auleria akasali tano zake. Kisha kutoka bondeni ikaja sauti ya kiume, ya kwenye simu, ikikwaruza, ikienda neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Ikafika ya tatu, ikasimama.

"Rudia," wakamsikia bibi.

Juu kichochoroni, Mzee Petro, akidhani kumi la tano limekwisha, alikohoa tayari kufunga sala. Mwinjuma akageuka upande wake akapaza sauti, safari hii kwenda juu:

"Bado! Ngojeni! Kijana anarudia!"

Wakangoja wote, kila mtu barazani kwake.