Ngozi ya Fahali Kwenye Milango ya Pijo

Silvester Kihwele, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Iringa, alikuwa mtu wa mafaili. Mwaka sabini na tano, aliponunua Pijo kuukuu ya mkulima mmoja wa tumbaku, Mgiriki aliyekuwa akifungasha virago arudi kwao, jambo la kwanza alilofanya ni kuifungulia faili.

Gari lenyewe lilikuwa zima. Injini ilikohoa kidogo asubuhi, lakini ikishapata moto ilipanda mlima kutoka Ipogolo mpaka mjini bila kusukumwa. Aibu ilikuwa ndani. Yale makaratasi magumu yanayofunika milango yalikuwa yameliwa na unyevu, yakabaki nyuzinyuzi. Ukikaa, unatazamana na vyuma na kutu.

"Ndugu Kihwele," Sedekia, karani mwenzake, alimwambia siku aliyopewa lifti, "gari lako limekonda. Mbavu zinahesabika."

Ofisi nzima ilicheka. Silvester hakucheka.

Jumapili, baada ya misa, aliitisha kikao sebuleni kwake. Wajumbe walikuwa watatu: yeye mwenyewe, akiwa mwenyekiti na pia katibu; mkewe Rozalia; na Jailos, fundi seremala wa jirani.

"Ajenda ni moja," alisema. "Milango tuivishe nini?"

"Mzee, hilo halihitaji kikao," alisema Jailos. "Hadibodi kama zile zilizooza madukani hakuna. Lakini mbao nyembamba za masanduku ya chai ya Mufindi ninazo. Tunakata, tunapiga msasa, mama anatupa kitambaa cha kuvisha. Kazi ya siku moja."

"Ninacho kitambaa cha mapazia," alisema Rozalia. "Kizito, cha kahawia. Hakionyeshi vumbi."

Silvester aliyaandika yote kwa hati safi, kisha akayakataa. Masanduku ya chai! Mwezi uliopita alikuwa Mbeya kwenye semina ya kubana matumizi, na nje ya ukumbi akaona gari la mkubwa mmoja, milango imevikwa ngozi nyekundu, laini kama shavu la mtoto. Semina ilichukua siku tatu. Alichorudi nacho kichwani ni ile milango.

"Kikao kimeazimia ngozi," alisema.

"Kikao kipi?" aliuliza Rozalia.

Juma lililofuata alipanda basi hadi Ubaruku, kwa Limbu, mfugaji aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Limbu alimtolea ngozi ya fahali, ya madoa meusi na meupe, manyoya yake yanang'aa.

"Nzuri, lakini bado mbichi," Limbu alimwonya. "Imekaushwa juani tu. Ukiitaka ya kukaa kwenye gari, niachie niilainishe. Uje baada ya miezi miwili."

"Miezi miwili sina."

Kweli hakuwa nayo. Gari la ofisi lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina matairi, na Jumamosi ya juma lilo hilo Ndugu Liberatus, afisa kutoka makao makuu, alitakiwa kufungua darasa la elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja mbele ya Tosamaganga. Silvester alikuwa ameshajitolea kumpeleka, kwa barua yenye nakala nne.

Jailos aliikata ngozi huku amebana pua. "Acha iishie hapa ndani, mzee. Nikiikunja mpaka kwenye ukingo, mlango utabana."

"Ikiishia ndani, mlango ukifunguliwa nani atayaona manyoya? Kunja."

Jailos akaikunja kwenye milango yote minne. Milango ikafungika kwa kusukumwa na bega.

Jumamosi Ndugu Liberatus aliingia, akapapasa mlango kwa kiganja. "Ngozi ya nyumbani! Huku ndiko kujitegemea, Ndugu Kihwele. Wengine bado wanaabudu vitu vya kigeni." Silvester alihisi shingo yake imeongezeka urefu.

Kabla ya kufika Tosamaganga mvua iliwakuta. Haikuwa mvua ya kutania. Maji yaliteremka kwenye vioo, yakapenya kwenye mipira ya vioo, yakaingia milangoni, na ile ngozi, iliyokuwa na kiu tangu Ubaruku, ikanywa. Kwanza ikaja harufu, kama fahali mwenyewe amepanda na kukaa kiti cha nyuma. Ndugu Liberatus akatoa leso. Silvester akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Walipofika, mvua ilikuwa imekatika. Kwaya ilikuwa imepanga mistari, na Rozalia, aliyetangulia kwa lori na akina mama, alikuwa mbele na shada la maua. Silvester alivuta kitasa. Mlango haukutikisika. Akapiga bega; wapi. Ngozi ilikuwa imevimba kwenye kingo zote, imeyashika mabati kama tope linavyoshika kiatu. Wanaume wanne wakavuta kutoka nje, mpaka kitasa kimoja kikabaki mkononi mwa mvutaji.

"Kuna nini?" Ndugu Liberatus alinong'ona.

"Milango imechelewa kidogo, ndugu mheshimiwa."

Kwaya ilimaliza wimbo, ikauanza tena, ikaumaliza. Ndugu Liberatus alikuwa mzoefu wa shughuli. Alishusha kioo, akatoa kichwa na mkono mmoja, akahutubia. Alisema kiongozi bora hajifungii mbali na wananchi. Alisema hivyo mara tatu, na kila mara nzi walimzunguka zaidi. Watu walipiga makofi sana. Mzee mmoja alimweleza mwenzake kwamba siku hizi wakubwa ndivyo wanavyohutubia.

Kisha wakamtoa dirishani, kichwa kwanza, kiatu kimoja kikibaki garini. Alikaa kwenye sherehe bila kumtazama Silvester, na jioni akarudi mjini na lori. Silvester hakutoka. Tumbo lake halikuenea dirishani. Alikula wali wa sherehe akiwa nyuma ya usukani, sahani imepitishwa juu ya kioo.

Akina mama walipokuwa wakipanda lori, Rozalia alikuja, akavua viatu, akafunga khanga vizuri, akaingia kwa dirisha la abiria kama mwizi. Akakaa. Akamtazama mumewe, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Silvester alinuna kwa muda. Halafu naye midomo ikamshinda.

"Nimemtoa mgeni rasmi kama mzigo wa viazi," alisema.

"Na amesema vizuri," Rozalia alijibu, akifuta machozi. "Hata mimi nimejifunza."

Waliondoka taratibu, vioo vimeshushwa kwa ajili ya harufu. Mbele kidogo Silvester alikohoa, kama anayetaka kufungua kikao, kisha akamuuliza mkewe kwa sauti ya kawaida:

"Mama Severina, ingekuwa wewe, ungeivisha nini?"

Rozalia alitazama barabara yenye tope.

"Kwanza tufike," alisema. "Halafu tutafute mtaimbo."