Maji Ndani ya Kabureta

Jumatatu saa mbili asubuhi fundi aliifunga injini ya boti kwenye ukingo wa pipa la maji, akafungua plagi ya juu, akakuta imelowa. Sio petroli. Akainusa, akaionja kwa ncha ya ulimi, akatema. Maji ya mto.

Injini yenyewe ilikuwa ya zamani, ya farasi kumi na tano, rangi imebaki kwenye mfuniko tu. Ilikuwa imelazwa karakana kwa miezi minne, juu ya godoro bovu, tangu nahodha wake aanguke mtoni akafa. Miezi yote hiyo haikugusa maji. Fundi alifuta plagi, akaipiga msasa, akaendelea na kazi.

Ugonjwa wake kila mtu pale kivukoni alikuwa anaujua. Kuwaka, uvute kamba mpaka bega lilie. Ikiwaka, haitulii. Ukiiacha ingurume taratibu inatetemeka, inakohoa, inazima. Ukiipa mafuta mengi inakwenda kama haijawahi kuumwa. Mwenye boti, ambaye watu walimwita Tajiri ingawa boti yenyewe ilikuwa hiyo moja, aliitaka Ijumaa. Alishapata nahodha mpya.

"Usinipe hadithi," alisema. "Nipe injini."

Fundi akaanza na mafuta. Petroli ya zamani ilikuwa na rangi ya chai, akaimwaga, akachanganya mpya na oili. Akatoa mpira wa mafuta uliopasuka, akaweka mwingine. Akalaza plagi kwenye chuma, akavuta kamba, cheche ikaruka ya bluu, safi. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akavuta tena, kidole kikasukumwa kwa nguvu. Hapo hakuna tatizo. Ikabaki kabureta.

Ndani ya kikombe cha kabureta palikuwa na maji, na ndani ya maji samaki wawili, kila mmoja urefu wa kucha. Akawamwaga kwenye pipa, wakaondoka wakiogelea. Halafu akatafuta lile tundu dogo ambalo injini inalitumia ikinguruma taratibu. Lilikuwa limeziba kabisa. Akalizibua kwa uzi mmoja wa waya aliouchomoa kwenye kebo. Saa sita haijafika, kazi imekwisha.

Jumanne asubuhi kikombe kilikuwa kimejaa maji tena. Samaki alikuwa mmoja. Fundi akamwaga, akakausha, akafunga.

Jumatano kamba ikagoma. Plagi zikiwa nje ilivutika vizuri. Akizirudisha, inakuja kidogo halafu inarudi. Sio kukwama. Kukwama alikuwa anakujua. Hii ilikuwa inavutwa upande wa pili. Akafungua nyumba ya kamba, akakagua springi, nzima. Akafunga. Akaweka mguu kwenye pipa, akavuta kwa mikono miwili. Ikarudishwa, kwa utaratibu tu, bila hasira. Ndipo alipochungulia ndani ya pipa.

Shemeji yake, yule nahodha aliyekufa, alikuwa amekaa chini kule, magoti kifuani, na shati lake la kazi. Mkono mmoja ulikuwa umepanda kando ya propela, umeingia ndani ya injini.

"Shemeji," fundi alisema.

"Naam, shemeji."

"Kumbe ni wewe unaivuta."

"Na wewe unavuta kama mgonjwa. Dada yako siku hizi hakulishi?"

"Toka humo bwana, nina kazi."

"Hata mimi nipo kazini." Marehemu akakohoa. Injini nzima ikatetemeka juu ya pipa, tetemeko lilelile la siku zote. "Nikiachia, atarushwa mwingine. Huku chini tunabanana."

Fundi akavuta kibao, akakaa. Alijua anachoambiwa.

Injini za aina ile zina kipande cha chuma kirefu kama kidole, kinachozuia kamba isivutike kama gia imeingia. Wamekiweka kwa sababu: ukiwasha na gia imeingia, boti inaruka mbele na aliyesimama anabaki hewani. Lakini gia ikiwa haijaingizwa, mafuta hayafunguki yote, na injini hii bila mafuta mengi haikuwa inawaka. Miezi mitano nyuma fundi alikuwa amemwambia Tajiri, "Kabureta imeziba. Nipe siku moja." Tajiri akamwuliza kama siku hiyo abiria watavuka kwa kuogelea. Kisha akamwambia akate kile chuma, ili nahodha aingize gia, afungulie mafuta yote, avute, waondoke. Fundi akachukua msumeno wa chuma, akakata. Dakika tano. Kwa mwezi mzima nahodha aliwasha injini hivyo, amesimama, anacheka na abiria. Siku moja boti ikaruka, yeye akabaki nyuma. Hakuna aliyekuwa amekaa karibu naye.

Tajiri alipoulizwa na ofisi ya kivuko alisema nahodha alikuwa amelewa. Karani akaandika hivyohivyo kwenye kitabu: *Alikuwa amelewa.* Nahodha alikuwa hanywi hata soda, alisema gesi inamchoma.

"Sema tu, shemeji," marehemu alisema. "Ukisema, naachia saa hiyohiyo."

"Si useme mwenyewe?"

"Mimi nimeoa tu kwenu. Nianze kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja? Hapana."

Fundi alikuwa hajasema kwa mtu. Dada yake ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Alimwogesha, alimpeleka shule, na siku alipoikimbia shule alimfuata na mwiko mpaka barabarani. Huyo ndiye mjane. Fundi alikuwa anaogopa kumpoteza, basi. Tajiri alimwogopa pia, kwa sababu chumba alicholala kilikuwa cha Tajiri, lakini woga huo ulikuwa mdogo, ungebebeka.

Dada mtu alifika saa nne na chupa ya chai. Akaona mdogo wake amekaa anaongea na pipa, akasogea, akachungulia.

"Kumbe uko hapa," alimwambia mumewe.

"Nipo, mama watoto."

"Miezi minne mtu hata salamu?"

"Njia mbovu."

Akaweka chupa chini, akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono kwenye maji, akamgusa shingo. "Umepoa sana," alisema. Halafu akajipangusa na khanga na kusema jambo alilokuwa nalo moyoni kila siku. "Mwanao wa pili wanamwita mtoto wa mlevi. Darasani, mbele ya mwalimu. Nimekwenda kwa yule karani mara tisa afute lile neno. Ananiambia lete shahidi. Sasa shahidi si wewe mwenyewe? Usiondoke. Kesho namleta."

"Niondoke niende wapi," alisema mumewe.

Fundi alimimina chai, akainywa bila kuisikia ladha.

Alhamisi saa kumi karani alikuja na kitabu kwapani. Tajiri alikuwa nyuma yake, kaja kuangalia injini. Karani akachungulia kwenye pipa, akavaa miwani, akachungulia tena.

"Habari za huko?"

"Nzuri, ila baridi."

"Poleni. Sasa, siku ya tukio ulikuwa umelewa?"

"Sikuwa nimelewa."

"Wewe una maslahi kwenye hili jambo," karani alisema. "Hata hivyo naandika. Utaweka saini?"

Marehemu akatoa mkono mwingine nje ya maji, akashika kalamu. Wino ukasambaa, ukurasa ukalegea. Karani akaukausha kwa leso, hakukuwa na kitu cha kusomeka.

"Saini lazima iwe kavu," alisema. "Hii sio mimi, ni utaratibu."

"Muulize alivyoanguka!" dada mtu alisema. "Kwa nini humuulizi alivyoanguka?"

Karani akauliza. Marehemu akasema injini iliwaka na gia imeingia, boti ikaruka. Karani akageuza kurasa, akasema injini ya aina hii haiwezi kuwaka hivyo, ina chuma cha kuzuia, na yeye si mtoto. Dada mtu akamwambia basi akitazame hicho chuma. Karani akafungua mfuniko, akainama. Mahali pa chuma palikuwa na kisiki kifupi, kimeshika kutu, alama za meno ya msumeno bado zinaonekana.

"Kimekatwa," alisema. "Kama kimekatwa, hilo ni jambo jingine kabisa. Naweza kufuta lile neno leo hii, hapahapa. Nani amekikata?"

Tajiri alikuwa mlangoni anajichokonoa meno. Aliacha.

Dada mtu akageuka kwa mdogo wake. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Mwambie, wewe ndiye fundi, unazijua. Nani kakata?"

Kutoka ndani ya pipa marehemu naye alikuwa anamtazama. Hakumkazia macho. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyeombwa ashike ngazi.

"Sijui," fundi alisema. "Ilikuja hivyohivyo."

"Ilikuja hivyohivyo kutoka wapi?"

"Ilikuja hivyohivyo."

Karani akafunga kitabu. Alisema kama aliyekata hajulikani, kukatwa hakujulikani ni kwa lini, na kama hakujulikani ni kwa lini, maandishi yanabaki yalivyo. Tajiri akarudi kwenye meno yake.

"Si neno," marehemu alisema. Alikuwa anaongea na fundi peke yake, taratibu. "Nimeshika muda mrefu, shemeji. Mkono umechoka."

Akautoa mkono kwenye injini, akaukunja kifuani. Dada mtu aliinama haraka, akaingiza mikono yote miwili mpaka mabegani, akapapasa. Alitoa maji tu, na wale samaki watatu wakipita kwenye vidole vyake.

"Haya, washa," Tajiri alisema.

Fundi akavuta kamba. Injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Akapunguza mafuta, akapunguza tena, akaachia kabisa. Ilitulia juu ya pipa ikinguruma kama cherehani, bila tetemeko wala kikohozi. Tajiri akampiga begani, akasema huyu ndiye fundi. Fundi akamwambia kile chuma bora akirudishe, kazi ya nusu saa. Tajiri akamwambia, "Cha nini? Si inawaka? Na ukikirudisha leo, karani hatauliza umejuaje kilivyokuwa?"

Hakukirudisha.

Ijumaa injini ilirudi kivukoni. Nahodha mpya ni kijana mrefu, ameshaoa, mke wake ana mimba. Alishafundishwa na wenzake namna ya kuiwasha ile: ingiza gia, fungulia mafuta yote, simama, vuta. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa haihitaji hivyo, na mazoea hayana likizo. Anawasha hivyo mara kumi na mbili kwa siku. Fundi akiwa karakana anaisikia kamba ikivutwa, anaacha alichoshika, anabana pumzi mpaka asikie sauti ya nahodha ikiwaambia abiria wakae vizuri.

Jumamosi ile alianza kukohoa. Kikohozi kinakuja asubuhi, na kikija kinamtetemesha mwili mzima, halafu kinatoa maji, kikombe kimoja au kimoja na nusu. Maji ya mto. Mara nyingine na samaki, urefu wa kucha. Ameweka beseni chini ya meza ya kazi, anamwaga saa tatu, anaendelea. Wateja wamezoea. Mmoja huwa anachukua samaki, anafuga nyumbani kwenye chupa.

Dada yake bado anakwenda kwa karani kila wiki, na lile neno bado lipo, karani anamwonyesha kila akitaka kuliona. Akitoka huko anapitia karakana na chai. Akimkuta mdogo wake ameinama juu ya beseni, anaweka chupa chini, anapiga magoti, anamshika paji la uso kwa mkono mmoja kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo. Kwa mkono wa pili anampiga mgongoni.

"Toa, mdogo wangu," anamwambia. "Toa yote. Usibakize kitu kifuani."

Naye anatoa maji.