Joto la Kwapa

Jenipher, mpimaji wa maabara, alikuwa tumbo joto tangu asubuhi. Alizunguka maabara, akachungulia barabarani, akarudi, mpaka Donati, mganga wa zahanati ile ya binafsi pale Mikumi, akachoka kumtazama.

“Dada Jenipher, kaa basi. Utanitia kizunguzungu.”

“Nakaa,” alisema, asikae.

Utando mweupe ulikuwa kwenye ulimi wake mwenyewe. Juzi aliukwangua kwa siri, akauotesha, na leo alikuwa ametia chembe zake katika kichupa chenye ute wa yai. Fangasi wa utando ni kinyonga. Kwenye baridi ni duara tu, mpole kama punje ya mtama. Akipata joto la mwili, jeni alizorithi humwamrisha aote mkia, na kwa mkia huo huchimba nyama. Akiota mkia, ndiye. Na mtu mzima mwenye fangasi huyo mdomoni, miaka ile ya UKIMWI, kila mtu alijua anafikiriwa kuwa na nini. Ingebidi apime damu. Ingebidi amwambie Maganga, mumewe, dereva wa lori la miwa Kidodi, ambaye angerudi jioni hiyo.

Umeme ulikuwa wa mgao na kabati la joto la kuoteshea lilikuwa limepoa. Siku kama hizo Jenipher hubana vichupa kwapani. Wagonjwa walishazoea kumwona akifanya kazi kwa mkono mmoja, kama kuku aliyevunjika bawa.

Muda ulipotimia alisogeza hadubini dirishani. Duara. Duara tupu, hakuna mkia hata mmoja. Alicheka peke yake, machozi yakamtoka, akaanza kuwaza kuku wa kumchinjia Maganga.

Kisha, kwa mazoea tu, akatazama kichupa cha pili, cha kulinganishia, chenye fangasi wanaojulikana, ambao hawajawahi kukosa mkia.

Nao walikuwa duara.

Akapapasa mfuko wa koti. Ndimo vichupa vyote viwili vilimoshinda, kwenye baridi ya Julai. Hakuwa amesahau kwapa. Aliliogopa.

Akatia ute mpya, akafungua vifungo vya blauzi, akabana vichupa kwapani, kwenye ngozi, akaketi.

“Afadhali umetulia,” Donati alisema.

Lori la miwa likapita barabarani likipiga honi. Jenipher hakuinuka kuchungulia. Alikaza mkono ubavuni, akiwapa fangasi joto.