Majoho ya Lazareti

Mwaka 1956, majuma sita kabla ya Pentekoste, ndui iliingia katika kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi huko Kolwezi. Wagonjwa hawakuwa wengi, tisa tu, lakini hospitali ya kambi iliwatenga kwenye lazareti, nyumba ndefu iliyozungushiwa waya nyuma ya jiko. Kila aliyeingia humo kuwahudumia alivaa joho jeupe, kitambaa cha kufunika mdomo na glavu. Akitoka, alivivua mlangoni na kuviweka katika gunia. Gunia likijaa, lilikuwa la Mbayo.

Mbayo alikuwa mtu mkubwa, mpole, asiyesema sana. Kazi yake ilikuwa kuchoma. Alikuwa na shimo lake lililojengewa matofali, upande usio wa upepo, na alilitunza kama watu wengine wanavyotunza bustani. Majoho yale yalifungwa mgongoni kwa vifungo viwili vya chuma. Kwa hiyo moto ukizimika, Mbayo alichakura majivu kwa reki na kuokota vifungo. Majoho kumi na mawili, vifungo ishirini na vinne. Vikitimia, alijua kwamba hakuna kilichobaki.

Mtu aliyeumia roho kuliko wote kwa moto huo alikuwa Badibanga, karani wa magazini, ghala la hospitali. Yeye ndiye aliyetoa majoho mapya kila Jumatatu, na kila Jumamosi aliona moshi wa majoho hayo ukipanda. Tena Badibanga alikuwa kiongozi wa kwaya, na kwaya yake haikuwa na sare. Siku ya Pentekoste ingeimba pamoja na kwaya ya Fungurume, ambao, watu walisema, walikuwa wameshonewa mavazi mekundu mpaka chini.

"Sista," alimwambia Sista Godeliva, msimamizi wa lazareti, "ile bilamba, ile majoho, ni bizima kabisa. Tuchemshe tu."

"Hapana, Badibanga. Yanachomwa."

Jumamosi iliyofuata Mbayo alichoma gunia kama kawaida. Lakini moto ulikuwa na moshi mweusi wenye harufu ya viatu, na alipochakura majivu hakupata hata kifungo kimoja. Reki ilikwaruza kitu kirefu. Akakiinua. Kilikuwa chuma chenye meno mawili, kimeungua na kugeuka buluu. Mbayo alikigonga kwenye tofali. Kikatoa sauti kama ya mbuzi mwenye mafua.

Kambi nzima ilikijua chuma kile. Kilikuwa diapazoni ya Badibanga, iliyokaa siku zote mfukoni mwa koti lake, aliyoigonga gotini ili kuwapa waimbaji sauti ya kuanzia.

Mbayo hakupiga kelele. Alimwarifu Sista, akavaa buti, glavu na joho, akajifunika mdomo, akachukua bomba la dawa na gunia tupu, akaelekea nyumbani kwa karani.

Alimkuta uani, kando ya banda la kuku. Badibanga alikuwa amevaa joho la lazareti, mikono juu, macho yamefumbwa, akiwaongoza kuku saba kuimba.

"Tata Badibanga," Mbayo akaita toka mbali, "usiguse kintu."

Badibanga akafumbua macho. Mikono ikabaki hewani.

"Mbayo! Mi niko napima tu."

"Ingine iko wapi?"

"Mu gunia, mu nyumba ya kuku. Tshiela alikatala niingize mu nyumba."

Kusikia jina lake, Tshiela, mke wake, alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Alimtazama mumewe, akamtazama Mbayo, akaelewa yote kwa mara moja.

"Uliniambia ni gunia la mahindi ya kuku!"

"Mama, baki palepale," Mbayo akasema. "Nani mwingine alivaa?"

"Hapana mutu," Badibanga akajibu, na hata katika aibu yake alijivuna kidogo. "Kiongozi njo anavaa wa kwanza."

"Koti na biatu yako ya zamani ulitia mu gunia yangu, mahali ya majoho?"

"Ndiyo. Ulijua namna gani?"

Mbayo akamwonyesha diapazoni. Badibanga alitaka kulia, lakini hakuruhusiwa kujipangusa macho. Alivuliwa joho, akamwagiwa dawa kuanzia kichwani, pale pale uani, huku majirani wakichungulia juu ya ua na Tshiela akicheka mpaka mwiko ukamwanguka. Kisha akajiviringisha blanketi, wakashika njia: Badibanga mbele, Mbayo nyuma hatua kumi na gunia lake.

"Tata karani, unaenda wapi hivi?" watu wakauliza.

"Ku kazi," akajibu, bila kugeuza shingo.

Alikuwa amechanjwa ndui, na Tshiela pia, lakini Sista Godeliva hakutaka kubahatisha. Tshiela alikatazwa kutoka uani, naye Badibanga akapewa chumba cha peke yake mwishoni mwa lazareti kwa siku kumi na sita. Siku mbili za kwanza aligeukia ukuta kwa haya. Siku ya tatu kwaya ilikuja yenyewe, ikasimama ng'ambo ya waya, mbali kama Sista alivyoamuru. Badibanga akaongoza dirishani kwa kijiko cha uji. Wagonjwa wakaanza kuitikia vitandani, na mmoja, bibi kutoka upande wa Mashamba, akamkosoa sauti ya tatu.

Pentekoste ilipita akiwa ndani. Kwaya iliimba kwa nguo za nyumbani, na watu walisema Fungurume walipendeza zaidi, ila hawakumaliza wimbo hata mmoja pamoja.

Badibanga alitoka bila kipele hata kimoja. Siku hiyohiyo alikwenda kwa Sista, kofia mkononi.

"Sista, ile majoho, tuipasue mbele ya kuitia mu gunia. Ikipasuka, hakuna mutu ataitamani. Mi najua."

Sista alikubali, kwa sharti kwamba atapasua mwenyewe, amevaa kama Mbayo, naye Mbayo amsimamie. Joho la kwanza Badibanga alilipasua akiwa amefumba macho, kama mtu anayechinja mbuzi wake mwenyewe. La pili lilikuwa rahisi. Kufikia la sita alikuwa ameshapata mwendo, anaimba, kisu kinakwenda kwa mapigo.

"Polepole, tata," Mbayo akasema. "Hii unashika sasa ni yangu. Mi niko ndani."