Taarifa ya Kulinganisha Benki Tatu za Maswali

1.

TANGAZO KWA WANAKIKUNDI WOTE

Mtihani wa leseni umekaribia na uwezo wa kulipia kila benki ya maswali hatuna. Dk. Tusekile Mwaipopo ameteuliwa kulinganisha Benki ya Ng'ambo, Benki ya Jirani na Benki yetu ya Nyumbani, kisha awasilishe taarifa Jumamosi. Asiyechangia asiombe nywila.

Ngonyani, Mwenyekiti


2.

Usimcheke Ngonyani kwa kujipa uenyekiti. Watu waliomaliza udaktari, wakamaliza na mafunzo kwa vitendo, kisha wakaambiwa wakae nyumbani wasubiri mtihani, lazima wawe na cheo fulani. Walikuwa wanakutana Mbeya mjini, chumba cha nyuma cha steshenari ya shemeji yake, katikati ya maboksi ya karatasi.

Benki ya Nyumbani waliianzisha wao wenyewe. Kila wiki mmoja anaandika swali kuhusu mgonjwa aliyemwona kweli. Jina linaondolewa. Wengine kumi wanajibu kwenye kundi la wasap, na mwandishi ndiye anayetoa jibu sahihi mwishoni. Ndiyo sheria: mwenye swali ndiye mwenye jibu.

Wiki hii ilikuwa zamu ya Tusekile.


3.

"Tuse, hebu njoo unishikie hii futi."

Mama yake ni fundi cherehani, Uyole. Ameshona sare za shule mpaka watoto wa wateja wake wa kwanza sasa wanaleta watoto wao.

"Kiuno nimekiachia tena," mama alisema akicheka. "Mikono nayo nimeibana. Gauni lile lile moja! Sijui nanenepa au nakonda. Wewe daktari unasemaje?"

"Tusubiri majibu, mama."

"Majibu, majibu. Na wewe soma. Usiniangalie mimi, angalia mtihani."

Walikuwa wametoka hospitali wiki iliyopita. Maji yalitolewa tumboni, kinyama kikachukuliwa kikapelekwa kupimwa Dar. Kabla ya hapo ilipigwa ultrasaundi, na Tusekile alisimama nyuma ya mpiga picha akaangalia kioo. Vimbe mbili, kulia na kushoto, kwenye mifuko ya mayai. Mpiga picha aliongeza jeli, akapitisha tena kifaa palepale.

Tusekile aliogopa. Hakuna namna nyingine ya kulisema.


4.

TAARIFA (rasimu)

Benki ya Ng'ambo. Maswali mengi, maelezo marefu, picha safi. Wagonjwa wake wanatembeza mbwa na kuteleza kwenye theluji. Nilitafuta "mwanamke, maji tumboni, anakonda". Yalikuja maswali sita. Yote sita, saratani. Maelezo yanataja hata asilimia ya watakaokuwa hai baada ya miaka mitano.
          Udhaifu: inasema mno.

Benki ya Jirani. Wagonjwa wanafanana na wetu, wana mashamba na malaria. Nilitafuta vilevile. Swali moja. Jibu: D. Maelezo hakuna.
          Udhaifu: haisemi

Benki ya Nyumbani. Swali la aina hii halijaandikwa.


5.

Wewe unayesoma umeshaelewa, na mimi sitakuzungusha. Msichana huyu aliyetumwa kutafuta benki nzuri alikuwa anatafuta benki ambayo mama yake anapona.

Hakuipata.

Akaiandika.


6.

BENKI YA NYUMBANI. Mwandishi: Tusekile

Mwanamke wa miaka hamsini na minane, fundi cherehani, anavimba tumbo na kukonda kwa miezi mitatu. Jasho usiku. Amewahi kuishi na ndugu aliyeugua kifua kikuu. Tumboni kuna maji. Ugonjwa unaoelekea zaidi ni:

A. Ini kusinyaa
B. Moyo kushindwa kazi
C. Kifua kikuu cha tumbo
D. Saratani ya mfuko wa mayai


Hakuna uongo humo. Ndugu yupo, mjomba Asajile, aliyeugua akatibiwa na leo analima viazi Umalila. Jasho ni kweli, japo la mara mojamoja.

Kilichokosekana ni picha.


7.

Ngonyani: Swali zuri. Jasho, historia ya ndugu. C.

Zamda: Subirini. Ultrasaundi iko wapi? Mama wa umri huo, maji tumboni, hakupigwa picha??

Tusekile: Haikufanyika. Mashine ilikuwa mbovu.

Ngonyani: Hospitali zetu hizo 😂 Basi ni C.

— C.

— C, mchana kweupe.

— C. Anzeni dawa.

Zamda: Haya, kama picha hakuna. C.

Tusekile: Jibu sahihi ni C. Hongereni.


8.

C

     C

          C

               C


9.

Zamda ndiye rafiki yake wa tangu mwaka wa kwanza. Alimwandikia pembeni, nje ya kundi: *Tuse, huyo mama ni nani?*

Tusekile alianza kuandika. Akafuta. Akaanza tena. Zamda, kule aliko, aliona tu kwamba mtu anaandika, kisha haandiki.


10.

Hapa ndipo ninapomkasirikia, na bado ninamwonea huruma.

Angebaki na uongo wake kwenye simu, ungekuwa wa kwake. Lakini furaha ilimzidi. Alikwenda hadi kwenye cherehani, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akasema:

"Mama, nimewauliza madaktari wenzangu. Kumi wote. Wote wanasema ni kifua kikuu cha tumbo."

"Wote?"

"Wote."

"Si kama cha Asajile?"

"Kama cha mjomba. Dawa miezi sita, unapona."

Mama aliondoa mguu kwenye pedali. Alifunika uso kwa kitenge alichokuwa anakishona, akalia mpaka mabega yakatikisika, akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa. Kisha akawaita majirani.


11.

YALIYOSIKIKA KIBARAZANI

— Kumi wote?

— Ndiyo kusomesha huko.

— Mimi nilishaogopa, mama Tuse, sikutaka tu kusema.

— Mwezi wa sita utatushonea sare za kwaya.

— Nitashona. Nileteeni vipimo.


12.

TAARIFA (rasimu ya pili)

Benki ya Nyumbani. Nguvu yake: wagonjwa ni wa kweli. Udhaifu wake: mwandishi ndiye anayechagua wenzake waone nini, na wenzake wanamwamini.

Mapendekezo:



13.

Simu ya hospitali iliingia Ijumaa asubuhi. Majibu ya kinyama yamerudi. Mje wote wawili, na kama kuna ndugu mwingine wa karibu, aje naye.

Tusekile alijua maana ya *ndugu mwingine wa karibu*. Wakati wa mafunzo kwa vitendo alikuwa anaagizwa kupiga simu hizo yeye.

Mama alikuwa ameshavaa. Aliketi kitandani, mkoba mapajani, anamtazama binti yake akizunguka chumba kutafuta viatu vilivyokuwa miguuni mwake.

"Tuse. Keti."

Akaketi.

"Kuwaambia watu nimeshawaambia, hilo limepita," mama alisema polepole. "Ila nimelala nikiwaza. Wale wenzako kumi, waliniona lini?"

Nje jirani alikuwa anafagia uwanja.

"Hawakukuona, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na wewe? Wewe uliniona?"

"Niliona."

Mama aliweka mkoba pembeni. Alichukua mkono wa binti yake, akaushika kwa mikono yake miwili iliyokonda, bila kuuminya.

"Basi achana na wao. Niambie wewe."

Tusekile akafungua kinywa. Machozi yalikuwa yameshatangulia, na mama hakuyafuta, alisubiri tu.

"Mama," alisema. "Siku ile, kwenye picha, mimi niliona vimbe mbili, kulia na kushoto."