Mishono Kumi na Sita

Chumba cha nyuma kilikuwa na cherehani mbili, pasi, marobota ya kitambaa cha sare za shule, na matangi kumi na tisa ya samaki. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni asijue aanze kutazama wapi. Upande mmoja mashati meupe yalining'inia kama darasa zima lililosimama kumwamkia mwalimu. Upande wa pili maji yalitoa mapovu, na ndani yake vitu vidogo vya kila rangi vilikatiza huku na huko. Katikati alikaa Shemeji, miguu kwenye pedali, miwani kwenye ncha ya pua, mkono ukishona kola na jicho moja likiwa kwa samaki.

Aliyemwita Shemeji ni mdogo wa mumewe, kijana wa miaka ishirini na minne aliyesambaza mikate kwa baiskeli. Mtaani walimwita Jogoo. Wengine walisema ni kwa sababu aliamka kabla ya watu wote. Wengine walisema ni kwa ule mwendo wake, kifua mbele, kana kwamba barabara imefagiliwa kwa ajili yake. Mwenyewe alizikubali sababu zote mbili. Tangu apate akili hakuwahi kumwomba mtu yeyote msamaha, na jambo hilo alilisema kwa majivuno, kama mwingine anavyosema hajawahi kulazwa.

Mbele ya Shemeji tu ndipo kifua kile kilishuka kidogo. Alikuwa amemwona akiinua yai dogo kuliko punje ya mtama kwa unyoya mmoja, mkono usitikisike, huku nje magari yakipiga honi na mteja akigonga dirisha kudai sketi ya binti yake. Jogoo alijua watu wengi wenye maneno makubwa. Mwenye mkono kama ule alimjua mmoja.

Samaki aliowapenda Shemeji kuliko wote walikaa matangi matatu ya chini. Dume lilikuwa na urefu wa kidole cha mwisho, buluu kama moto wa jiko la gesi, kila gamba limepigwa ukingo mwekundu. Wafugaji huwaita kilifishi. Shemeji aliwaita wageni wa mvua, kwa maana porini huishi kwenye madimbwi. Mvua ikijaza dimbwi wanaanguliwa, wanakua haraka haraka, wanataga kwenye tope. Jua likilikausha dimbwi wanakufa wote, asibaki hata mmoja wa kusimulia, na mayai yanakaa ndani ya udongo mkavu yakingoja mvua nyingine.

Hawa wake aliwachota mwenyewe miaka mitatu nyuma, sketi imefungwa kiunoni, kipande cha chandarua mkononi, katika dimbwi lililokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Sasa dimbwi lile lilikuwa limefukiwa kwa kifusi, na malori yalipaki juu yake. Shemeji alikwisha kuzunguka madimbwi mengine yote aliyoyajua akarudi na viluwiluwi na malaria. Kwa hiyo kama ukoo ule ulikuwa bado upo duniani, ulikuwa pale chini ya meza ya kukatia nguo.

Nyumbani alifanya kazi ya mvua na kazi ya jua yeye mwenyewe. Aliweka mkebe wa mboji ndani ya tangi, samaki wakajichimbia humo na kutaga. Kisha aliitoa mboji, akaikamua kwa viganja mpaka ikawa kama majani ya chai yaliyochujwa, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga na kuuning'iniza kabatini kati ya nyuzi. Wiki kumi na sita. Kila wiki alitia mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni mwa mfuko.

"Si uandike tarehe, Shemeji?" Jogoo alimuuliza siku moja.

"Tarehe naandika leo, kesho nauliza hivi leo ni tarehe ngapi. Mshono natia kwa mkono wangu. Mkono wangu naujua."

Mwaka ule mfuko wa kwanza uliota ukungu ukatupwa. Ukabaki mmoja. Ulikuwa na mishono mitano Shemeji alipopigiwa simu kwamba mama yake amefanyiwa upasuaji na hana wa kumuuguza. Alifunga begi dakika ishirini, na maagizo akayatoa akiwa anavaa viatu.

"Hawa wa juu wanajiendea, wape chakula tu. Hawa wa chini ndio roho yangu. Kila ukibadilisha maji yao, tia mshono mmoja kwenye mfuko. Umesikia, Jogoo?"

"Shemeji, unaongea na mimi au unaongea na mtoto?"

"Naongea na mwanaume. Ndiyo maana narudia."

Alikaa huko wiki saba. Jogoo alimaliza mikate saa nne, akarudi, akapiga magoti mbele ya matangi matatu. Wiki ya pili aliona buluu imeanza kupauka. Wiki ya tatu dume kubwa likawa linaegemea kona kama mzee anayengoja kuitwa kliniki. Jogoo alipandwa na hasira, asijue amkasirikie nani. Kama ni uchafu, alisema, basi uchafu utanitambua. Akabadilisha maji Jumatatu, akabadilisha tena Alhamisi. Kila mara alipomaliza alichukua sindano, akatoa ulimi nje, akatia mshono wake mmoja wa uzi mwekundu, umepinda lakini umekaza.

Samaki waliendelea kufa. Dume la mwisho lilikufa siku moja kabla ya Shemeji kurudi.

Alisimama mbele ya matangi matatu matupu bila kuvua mtandio. Jogoo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Majibu alikuwa nayo tayari, matatu.

"Wamezeeka," Shemeji alisema taratibu. "Miezi minane kwao ni uzee, shemeji yangu. Usijichukie."

Jogoo akayaacha majibu yote matatu, akampokea begi.

Shemeji akafungua kabati, akahesabu kwa kucha. "Kumi na sita! Kumbe nimekaa huko muda wote huu? Wodini siku hazina majina, kweli." Hakumuuliza mtu. Mishono ndiyo iliyosema, na yeye mishono aliiamini kuliko kichwa chake. Siku ileile akaimwaga mboji kwenye beseni jeupe na kuimiminia maji ya mvua yaliyopoa.

Kwa kawaida kesho yake asubuhi huwa wameshatoka. Kesho yake hakukuwa na kitu, keshokutwa vilevile.

Kaka, mume wa Shemeji, mlinzi wa benki aliyezoea kutazama bila kusema, alichungulia beseni siku ya tatu. "Nyumba hii samaki wana chumba, mimi sina hata droo. Sasa hata ambao hawapo wana beseni."

"Toka hapa," mkewe alisema, lakini hakucheka, na Kaka akatoka akinyata.

Shemeji alijinyoosha mgongo, akachukua ndoo. "Leo Ijumaa. Ngoja niwabadilishie maji hawa wengine, angalau."

Jogoo alikuwa anaegemea mlango. "Kwani ni lazima iwe Ijumaa?"

"Wiki ina Ijumaa ngapi?"

"Moja."

"Basi."

 Kijana alitoka bila kuaga, akapanda baiskeli, akakanyaga mpaka mwisho wa barabara ya lami na kurudi. Njia nzima alihesabu. Mishono mitano aliikuta. Wiki saba. Ilipasa iwe kumi na miwili. Yeye alitia kumi na mmoja peke yake. Wageni wa mvua walikuwa wameamshwa wiki nne kabla ya wakati wao, na aliyewaamsha ni yeye, kwa sindano.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Samaki hawasemi, na Shemeji alikwisha anza kuilaumu mboji. Wazo hilo lilimjia, akalitema kama kokoto iliyookwa ndani ya mkate.

Aliingia, akasimama mbele ya cherehani. "Shemeji. Ile mishono ni ya uongo." Akaeleza yote, Jumatatu na Alhamisi, bila kupunguza. Kisha likaja neno ambalo mdomo wake haukuwa umelizoea, likatoka likikwaruza kama la mtu mwenye mafua. "Nisamehe."

Cherehani ilinyamaza. 

"Umeniua, Jogoo."

"Najua."

"Hujui." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. "Unajua nini kilichonikasirisha? Maelekezo nimetoa mimi. Ijumaa iko kichwani mwangu, nikadhani na wewe unayo." Akainuka ghafla, mikono akaitia ndani ya beseni. "Lete gazeti. Usisimame hapo kama mlingoti! Lete gazeti nikamue."

"Mayai yatakuwa hai?"

"Mengine yatakuwa yameoza. Mengine hayakuwa tayari, kwa hiyo hata hayajui kama mvua imenyesha." Aliikamua mboji kiganja baada ya kiganja, akairudisha mfukoni. Kisha akamsukumia mkasi mdogo. "Nguo ikikosewa inafumuliwa. Fumua minne. Pole pole, usinichanie kitambaa."

Jogoo akafumua, mmoja mmoja, na nyuzi nne nyekundu akazitia mfukoni mwa shati lake.

Wiki nne zikapita kwa mwendo wa Ijumaa. Ya nne ilipofika Shemeji akamimina maji tena, na asubuhi wakainama wote watatu, Kaka akiwa na tochi ya kazini. Maji yalikuwa matulivu. Shemeji akachota mboji kwenye sahani, akatafuta kwa kioo cha kukuzia mpaka shingo ikamuuma. Mayai mengi yalikuwa na ukungu. Saba yalikuwa safi, na ndani ya kila moja, alipompa Jogoo kioo atazame, kulikuwa na macho mawili yenye pete ya fedha.

"Wananiangalia," Jogoo alinong'ona.

"Wapo tayari. Wanakataa tu kutoka. Maji yakiwa na hewa ya kutosha wanaona raha, wanabaki ndani. Wakibanwa pumzi ndipo wanavunja ganda."

Akachukua mrija na kupuliza pumzi yake mwenyewe ndani ya kikombe chenye mayai saba, taratibu, saa nzima, mashavu yakijaa na kushuka. Shati la watu lilikuwa likingoja vifungo, akaliacha lingoje. Jogoo alimtazama mwanamke yule akiwapulizia samaki wasiojulikana na mtu, akaona kwamba majivuno yake yote ya miaka ishirini na minne hayakuwahi kufanya kazi ngumu kama hii.

Hawakutoka.

"Limebaki jambo moja," Shemeji alisema akihema. Akayahamishia mayai kwenye chupa ndogo ya dawa, maji kidogo, chembe ya chakula kilichosagwa, akafunga kizibo. "Yanataka joto la mwili na kutikiswa kutwa. Mimi nakaa kitini. Mume wangu anasimama kama nguzo ya benki. Anayetikiswa nyumba hii ni nani?"

Jogoo alitoa kifua mbele. Shemeji akaitumbukiza chupa kwenye mfuko wa shati lake, akakuta nyuzi nne humo, akatabasamu. Akashika sindano akaushona mfuko ukiwa mwilini mwake, ili asichungulie kila kona.

Kiwandani kwa mikate habari ilimtangulia. Kaka hakuweza kujizuia, alikwisha piga simu. "Jogoo ameanza kuatamia!" mwokaji mmoja alipiga kelele. "Majike yamegoma?"

"Cheka tu," Jogoo alijibu akipanga mikate. "Wewe unaoka mkate unaliwa leo leo. Mimi nabeba mvua."

"Sikiliza huyo! Mvua mfukoni!"

Siku hiyo hakupita lami hata hatua moja. Alipita reli iliyokufa, alipita njia ya malori iliyojaa mashimo, alipita ngazi za sokoni baiskeli ikiruka ngazi baada ya ngazi, mikate ikigongana nyuma na moyo ukigonga mbele. Kila duka walimuuliza mbona mikate imebonyea. Alijibu ni mkate mpya. Karibu na kile kiwanda cha matofali alipita juu ya kifusi chenyewe, kati ya malori, akazunguka mara tatu, dereva mmoja akamtukana, naye kwa mara ya kwanza maishani hakurudisha tusi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine juu ya mfuko.

Saa nane alisimama mbele ya Shemeji, jasho likimtoka. Mkasi ukakata uzi. Shemeji akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

Kulikuwa na vijiti vinne vyembamba kama kope. Havikuwa vikizama chini kama vilema waliotoka kabla ya wakati, vilikuwa vinaogelea. Mayai matatu yalibaki, yakiwa bado na macho.

 Shemeji alimshika Jogoo sikio, akalivuta mpaka paji la uso wake likagusa la kwake, akalishikilia hapo.

Wiki ya sita, katika tangi la chini, mmoja wa wale wanne alianza kuwa wa buluu. Wengine, majike, walibaki wa kijivu, tumbo limejaa mayai, wakijichimbia kwenye mkebe wa mboji. Shemeji akakamua, akafunga mfuko, akaweka kitambaa kipya shingoni, na sindano akampa Jogoo.

Kijana akatunga uzi mwekundu, akaielekeza sindano, kisha akasita.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

Akaichomeka sindano kwenye kola ya shati lake, akavuta kigoda, akakaa mbele ya tangi kungoja kesho.